Manju na Mwandishi

Wewe uliyeketi uani Samuye baada ya kazi za shamba, uliye Tinde, Didia au Iselamagazi, na wewe uliye mbali zaidi huko Nyarugusu au Rwamgasa ukisubiri zamu yako ya kushuka duarani, lile shimo la dhahabu, karibu. Leo tuzungumze habari ya hadithi. Nani hasa anayasimulia maisha yetu sisi watu wa Shinyanga na Geita: mwimbaji, au mwandishi wa vitabu? Na je, hawa wawili wanafahamiana?

Natangulia kutoa msimamo wangu. Naamini kwamba huku kwetu wimbo umefanya kazi ya kitabu kwa muda mrefu sana, umeifanya vizuri, na sisi tumechelewa mno kuupatia karatasi. Naamini pia kwamba mwandishi anayetaka kuisimulia kanda hii bila kukaa kwanza na manju, mwimbaji kiongozi wa ngoma, ataandika kitabu ambacho wenyeji wake hawatajiona ndani yake.

Mtazame manju, yule Wasukuma wanayemwita ningi, akiwa kazini. Katika ngoma ya kulima, kama bagobogobo, watu hujipanga mstari mmoja na majembe yao, ngoma inapigwa, jembe linarushwa juu, linadakwa, linashuka ardhini kwa pamoja. Manju anaanzisha, wenzake wanapokea. Hapo wimbo unasukuma mkono ili shamba liishe kabla ya jua kuwa kali, na wakati huohuo unapitisha habari. Ndani ya mistari hiyo mna njaa ya mwaka fulani, mna bei ya pamba, mna karani wa mizani aliyepunja watu, mna kijana aliyekwenda kutafuta almasi Mwadui akasahau kwao, mna mkwe mkorofi na jirani mchawi. Mkulima anafika mwisho wa tuta akiwa amelima na akiwa amesikiliza sura nzima ya maisha ya mtu.

Kisha mavuno yakiisha, kuanzia mwezi wa sita hivi, yanakuja mashindano. Kila Msukuma anayajua makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake hupelekwa kwa wapinzani wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi hayo hucheza siku moja, uwanja mmoja au viwanja vilivyokaribiana, na mshindi hatangazwi na jopo la waamuzi waliokaa mezani. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hadithi ya manju wa upande huu ikipwaya, watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kumsikiliza wa upande ule, na yeye anawaona wakiondoka. Nawaomba waandishi wenzangu tulifikirie jambo hili kwa uzito. Msomaji akichoshwa na kitabu chetu hukifunga kimyakimya, nasi hatujui tulimpoteza katika ukurasa gani. Manju anajua mstari wenyewe uliomkimbizia watu, na mwaka unaofuata hataurudia. Ukali wa wimbo wa Kisukuma, ule ufupi wake, zile kejeli zake na vile vituko vyake vya kushtukiza, vimenolewa na miguu ya wasikilizaji.

Jambo jingine ni kwamba manju hujitaja. Katikati ya wimbo anataja jina lake, anataja kijiji chake, anamtaja na mpinzani wake anayetaka kumwaibisha. Kitabu kina jalada lenye jina la mtunzi. Wimbo wa Kisukuma umelitia jina hilo ndani ya maneno yenyewe, hata ukiimbwa na mtu mwingine miaka thelathini baadaye, mtunzi bado yumo. Watu wanaosema kwamba sanaa simulizi haina mwenyewe, kwamba ni mali ya wote tu, wangekaa uwanjani Bujora siku moja. Pale Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Kanada, alijenga parokia na kusaidia kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, na sherehe ya Bulabo inayofanyika kila mwaka majira ya Sikukuu ya Ekaristi imewapa Bagika na Bagalu uwanja wa kudumu. Huko utasikia majina ya watunzi yakitajwa waziwazi, ya walio hai na ya waliokufa.

Sasa tuje kwenye karatasi. Nyimbo hizi zimeandikwa? Baadhi, ndiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alipita Tanganyika na mitambo yake akirekodi. Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, aliacha lundo la maandishi juu ya Wasukuma ambalo sasa limehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1988, katika chuo hichohicho, Elias Songoyi aliandika tasnifu juu ya waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Aliwaweka pamoja kwa makusudi. Mzee Mwinamila wa Tabora, na kundi lake la Hiari ya Moyo, aliimba na chama na serikali. Kalikali wa Usukuma aliimba mambo ambayo wakubwa hawakupenda kuyasikia. Songoyi alituonyesha kwamba manju ni mtu mwenye msimamo wa kisiasa, mwenye hofu na ujasiri, sawasawa na mwandishi yeyote wa riwaya.

Halafu mwaka 2010 kikatoka kitabu kikubwa cha Frank Gunderson, Mmarekani aliyeishi na kufanya utafiti Usukuma, kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Kimechapishwa na Brill huko Leiden, Uholanzi. Ndani yake mna nyimbo zaidi ya mia tatu, na mpangilio wake unakupitisha katika historia yote ya kanda hii: nyimbo za wawinda tembo na wawinda nungunungu, nyimbo za wapagazi waliobeba mizigo kwenda na kurudi pwani katika karne ya 19, nyimbo za wacheza nyoka, nyimbo za vikundi vya kulima pamba, nyimbo za vyama vya ushirika na za kujenga taifa. Ni kazi ya heshima, na namshukuru mtu yule kwa moyo mweupe. Ila kimeandikwa kwa Kiingereza, na bei yake ni bei ya maktaba za vyuo vikuu. Babu aliyeimba hawezi kukinunua, na mjukuu wake anayesoma darasa la sita hapa Samuye hawezi kukisoma. Nyimbo zimesafiri mpaka Ulaya zikapata jalada gumu, na bado hazijarudi nyumbani zikiwa kitabu. Hilo ni deni letu sisi, wala halimhusu Gunderson.

Nataka nikae kidogo kwa jirani zetu wa Ukerewe, maana huko ndiko yuko mtu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko sisi sote. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya, akajua lugha kadhaa za wageni, na angeweza kutumia elimu hiyo kuandika mambo ya wageni. Yeye akakaa kisiwani akaandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili waliopendana wakakosa mtoto, wakwe wakamchukua binti yao, na mume akalazimika kuhangaika na kupika pombe nyingi ili arudishiwe mke wake. Alimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Aliambiwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache mno. Miaka ikapita, watafiti Wamarekani Gerald na Charlotte Hartwig walipofika Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 wakamtia moyo, naye mzee akakaa tena mezani akakitafsiri kitabu chake chote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Miaka 35, msikilizaji. Wimbo hausubiri miaka 35. Ukitungwa leo, kesho unaimbwa, wiki ijayo umevuka ziwa. Hapo ndipo wimbo unapokishinda kitabu waziwazi.

Lakini fungua kitabu chenyewe. Utashangaa jinsi Kitereza alivyokataa kuachana na sauti. Watu wake wanasalimiana kwa kirefu, maamkizi kamili, bila kukatizwa. Wanaimba wanapofanya kazi na wanapokunywa. Mambo yanarudiwa kama yanavyorudiwa katika ngano za jioni. Wahakiki wengine wameona urefu huo kuwa kasoro. Mimi naona ndio moyo wa kitabu. Kitereza alijua kwamba Mkerewe akisoma atasoma kwa sauti, kwa watu, na kwamba hadithi yenye adabu haimrukii mgeni mlangoni bila salamu. Aliandika kitabu kinachopumua kwa pumzi ya msimuliaji. Ndiyo maana, baada ya tafsiri ya Kijerumani na ya Kiingereza, watu wa mbali kabisa wamekisoma wakahisi wameishi Ukerewe.

Si kila andiko limebahatika hivyo. Mashariki ya Kongo, mwaka 1956, Daniel Biebuyck aliandika utendi wa Mwindo kutoka kwa fanani wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, huku wenzake wakimpigia mdundo na kumwitikia. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, maneno yote yalikuwamo. Mdundo haukuwamo, wala ule uchovu wa mtu anayecheza hadithi kwa siku kadhaa. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya, profesa Mugyabuso Mulokozi alihangaika na tatizo hilihili alipoandika juu ya tendi za nanga, hadithi za mashujaa zinazoimbwa na mtu mwenye nanga, ala yake ya nyuzi, mapajani. Ukiondoa nanga, mistari inabaki, na inabaki mizuri. Kinachopotea ni kituo: pale mwimbaji anaponyamaza akaziacha nyuzi zisimulie zenyewe, na msikilizaji akamalizia mwenyewe moyoni. Sijawahi kuona alama ya uandishi inayoweza kufanya hivyo.

Hapa Shinyanga tuna mfano wetu wenyewe, na ni mkubwa: Ng'wanamalundi. Kila mtoto wa kanda hii amesikia habari za mtu huyu wa enzi za Wajerumani aliyenyoosha kidole mti ukakauka, ambaye Wajerumani walimkamata wakamfunga. Watu wanapenda sana habari za miujiza, na wanasahau kwamba kabla ya yote alikuwa mtu wa ngoma. Watu walimfuata kwa sababu ya kucheza kwake na kuimba kwake. Habari zake zilitufikia kupitia nyimbo na masimulizi ya jioni, kila kijiji na Ng'wanamalundi wake. Wa Kwimba ana jambo ambalo wa Kishapu hana. Halafu mwaka 1988 mwandishi Emmanuel Mbogo akatoa tamthiliya yake, Ngoma ya Ng'wanamalundi. Hapo kijana wa Mtwara au Pemba, ambaye hajawahi kusikia ngoma ya Kisukuma, aliweza kukutana na shujaa huyu kwa kufungua kitabu.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba Ng'wanamalundi wa kitabuni si yule wanayemjua. Malalamiko hayo nayaelewa, ila siyakubali. Mbogo hakuandika historia. Ametumia jina na ngoma kusema mambo ya zama zake, na hivyo ndivyo manju wote wamefanya tangu zamani. Naye amefanya vyema kuiandika kama tamthiliya, kwa sababu tamthiliya ni kitabu kinachodai kuinuka. Hakikamiliki mpaka mtu asimame, apige ngoma na kuimba. Watunzi wa tamthiliya Penina Muhando na Ebrahim Hussein walishaifungua njia hiyo: Hussein katika Jogoo Kijijini, mwaka 1976, alimrudisha jukwaani fanani wa ngano na wasikilizaji wake. Kosa linakuja pale shuleni tunapomfundisha mwanafunzi tamthiliya kama hizi kwa kukariri dhamira na ujumbe ili ajibu mtihani, bila darasa kuimba hata mstari mmoja. Mwalimu wangu mpendwa unayenisikiliza, hapa Samuye ngoma zipo, wazee wapo. Ita mmoja darasani.

Na kuna ugomvi mmoja wa zamani katika fasihi ya Kiswahili ambao nadhani sisi wa kanda ya ziwa tuna neno la kuongeza juu yake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1974 alitoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wazee wa ushairi walikasirika. Walisema shairi lisiloimbika si shairi. Kwao kuimbika kulikuwa ni kuimbika kwa namna ya pwani, ambako tangu Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, na kabla yake, kitabu na sauti vimekwenda pamoja: utendi huandikwa kwa hati ya Kiarabu, kisha husomwa kwa mahadhi mbele ya watu. Huo ni utajiri mkubwa wa taifa letu, na siudharau hata kidogo. Lakini mtoto wa Ukerewe au wa Shinyanga alikua akisikia nyimbo ambazo haziongozwi na vina vya mwisho wa mstari. Zinaongozwa na ngoma, na pumzi ya manju, na kiitikio cha watu. Mstari mmoja mrefu, unaofuata mfupi. Mimi nikimsoma Kezilahabi nasikia kitu hicho. Aliyesema hakuna muziki mle alikuwa anasikiliza muziki wa pwani peke yake. Kezilahabi alitutoka Januari 2020, na ugomvi umepoa, ila vitabu vya shule bado vinamfundisha kama muasi tu. Anastahili kufundishwa pia kama mtoto wa ziwa.

Pwani wenyewe wametupa mfano mzuri wa mwandishi kumheshimu mwimbaji. Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini Unguja aliyekwenda mjini akawa sauti maarufu ya taarabu kwa Kiswahili, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa kuliko wote, akamwandikia wasifu. Fikiria uzito wa tendo hilo. Mwandishi wa daraja lake akaona kwamba maisha ya mwimbaji, mwanamke, asiyejua kusoma, yanastahili kitabu. Nani amemwandikia wasifu manju wa Usukuma kwa Kiswahili kitamu cha namna ile? Kalikali anangoja.

Na redio je, nayo imekaa wapi katika habari hii? Imekaa katikati kabisa. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo ulianza Mwanza, ukahudumia mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwamo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, pamba ikiwa mojawapo, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likawafuata vijijini ili wasisahau. Pamba ilikuwa imeimbwa mashambani miaka mingi kabla haijawa somo la kitabuni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vilikaa chini ya mti, redio katikati, kijitabu mkononi, wakisikiliza, wakisoma na kujadiliana. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walishiriki. Mambo matatu tunayoyatenganisha leo, sauti, maandishi na mazungumzo ya watu, siku zile yalikaa mkeka mmoja. Na Wimbo wa Lawino, lile shairi refu la Okot p'Bitek wa Uganda lililotungwa kama kilio cha mke wa Kiacholi, nani alilitia katika Kiswahili mwaka 1975? Paul Sozigwa, mtu wa redio. Sishangai. Mtu aliyezoea kuongea na masikio ya watu ndiye anayejua wimbo uwekwe vipi kwenye ukurasa usife.

Wazazi wetu walioisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka pia jinsi bendi za dansi zilivyokuwa zikisimulia. Marijani Rajab katika Zuwena alisimulia mtu, pendo na masikitiko kwa dakika chache, na msikilizaji akabaki na wahusika kichwani kama aliyemaliza riwaya. Wanamuziki wa kizazi kipya wanaosimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, kama Ferooz alivyofanya katika Starehe, wamo katika ukoo huohuo.

Nirudi nyumbani, kwenye jambo linalouma. Mkoa wetu na mikoa jirani ilipata jina baya duniani, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Katika miaka hiyo wanafunzi wa sekondari hapa walikuwa wakisoma riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, inayomhusu mtoto mwenye ualbino katika jamii ya Washona wa Zimbabwe, mama yake anayekimbia naye ili asiuawe, na mtoto anayekua na kujifunza kupiga mbira. Kitabu cha mbali kilisema jambo la hapa, na kiliwapa walimu mlango wa kulizungumza darasani pale ambapo kulizungumza moja kwa moja kuliogofya. Namshukuru mwandishi. Lakini mwaka 2017 kikatokea kitu kingine: kikundi cha watu wenye ualbino wa Ukerewe, wakishirikiana na mtayarishaji wa muziki Ian Brennan, walitoa albamu ya nyimbo walizotunga wenyewe. Hapa hakuna anayesimuliwa. Aliyekuwa akifichwa ndani ndiye anayeimba, kwa sauti yake, habari yake. Mimi nikiulizwa kipi kilihitajika zaidi, nitasema kitabu kilitangulia kuwaandaa wasikilizaji, na nyimbo zikaja kuwakabidhi wenye habari haki yao. Kimoja bila kingine kingetuacha nusu njia.

Na machimboni? Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na kabla ya migodi hiyo na pembeni yake wako wachimbaji wadogo kwa maelfu. Ripoti juu ya dhahabu yetu zimejaa: za wachumi, za mazingira, za zebaki, za mikataba. Ukitafuta riwaya ya Kiswahili inayoshuka na mchimbaji duarani, ikakaa naye gizani, ikapanda naye mpaka kwenye karasha la kusaga mawe na mwaloni kunakochenjuliwa dhahabu, ikaingia naye mjini usiku ule aliopata na asubuhi ile aliyoishiwa, utatafuta mpaka uchoke. Lakini kaa kibandani kwa kijana anayeweka nyimbo kwenye simu siku ya mnada. Nyimbo za Kisukuma za siku hizi, zenye kinanda na video, zimejaa hayo yote: duara lililoporomoka, mwenzake aliyekimbia na mgawo, mke aliyeachwa kijijini na watoto, mganga aliyekula pesa. Riwaya ya dhahabu imeshatungwa, msikilizaji. Imo kwenye memori kadi, vipande vipande, na siku simu ikianguka majini, sura nzima inakwenda.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wimbo una nguvu maadamu kazi yake ipo. Wimbo wa kulima kwa pamoja unaishi palipo na watu wanaolima kwa pamoja. Trekta na jembe la ng'ombe vinaupunguzia kazi, na manju akifa bila kijana wa kumrithi, mwaka wa njaa alioutunza unakufa naye. Kitabu ni kizito kuanza, ila kikishaanza kinavumilia ukame. Kitereza hakuuona mwisho wa kazi yake, na leo tunamsoma.

Basi nina ombi, na nalielekeza kwa majina ya kazi zenu. Mwalimu wa Kiswahili, katika likizo ijayo wape wanafunzi daftari moja kila mmoja, na kila mmoja aandike wimbo mmoja wa mzee wa kijijini kwake: maneno kwa Kisukuma, maelezo kwa Kiswahili, jina la mtunzi, kijiji, mwaka au tukio linaloutambulisha, na kundi lake kama ni Bagika au Bagalu. Wewe kijana wa studio, usiandike kwenye kava la video jina la mwimbaji peke yake. Andika na mtunzi, na mahali. Mchimbaji unayejua kuandika, andika siku yako moja ya duarani kama ilivyokuwa, na wimbo mliokuwa mkiimba siku hiyo. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Mwanza, tutafutieni njia ya kuzitoa nyimbo hizi kwa Kisukuma na Kiswahili ubavu kwa ubavu, kwa bei ya mkulima. Na wewe mjukuu uliye na babu manju nyumbani, muulize usiku huu jina la aliyemfundisha kuimba, uliandike chini.